Ncha Yenye Jina la Kefa

Bwana Duara alipofika kwenye kibanda cha uhunzi cha Lusubilo pale Tunduma, fundi alikuwa anakaza jembe kwenye mpini, na hakuinua kichwa mpaka jembe lilipokaa sawa. Bwana Duara alisubiri. Ulikuwa mwaka wa 1938, wakati wa kiangazi, na hakuna aliyekuwa na haraka. Alikuwa Mwingereza aliyeletwa kupima barabara. Barabara ikaisha, wenzake wakaenda zao, yeye akabaki kwa sababu mapafu yake yaliipenda hewa ya mpakani, au ndivyo alivyosema mwenyewe. Watu walimwita Bwana Duara kwa kuwa hakuweza kukaa na mtu bila kuokota kijiti na kuchora duara mavumbini.

Siku hiyo alichora duara kubwa, ndani yake akachora jingine lisilokaa katikati, na juu ya yote mawili kitu kama utando wa buibui wenye ncha nyingi. Alieleza kwamba zamani sana, kabla babu zake hawajajua saa, Waarabu na Waajemi walikuwa na sahani ya shaba ya kupimia nyota. Ukiining'iniza kwenye kidole gumba na kulenga kwa tundu zake mbili, inakwambia nyota iko juu kiasi gani. Yeye alitaka ifuliwe upya, kwa mkono, kwa shaba ya namna ileile. Ya dukani hakuitaka. Alisema imepitishwa kwenye mashine, na shaba iliyopitishwa kwenye mashine ina haraka, haitulii pale unapoiweka. Lusubilo alikuwa na maoni hayohayo kuhusu majembe ya dukani, kwa hiyo akamvutia kigoda.

Lusubilo alikuwa Mndali wa Ibaba aliyehamia Tunduma kwa kumfuata mke, jambo ambalo wakwe zake hawakuacha kumtania nalo. Alijua kufua chuma na shaba, lakini shaba ya njano alikuwa haijui. Bwana Duara alimletea mfuko wa mawe ya kijivu kutoka Broken Hill, ng'ambo ya mpaka, akamwonyesha namna ya wazee wa Uajemi. Mawe husagwa, huchanganywa na makaa na vipande vya shaba nyekundu ndani ya chungu, na chungu huzibwa kwa udongo. Moto ukiwa mkali sawasawa, mawe hutoa moshi, shaba nyekundu huunywa ule moshi, na ukifunua unaikuta imekuwa ya njano. Lusubilo alisema hilo linaeleweka, mtu yeyote akifungiwa na moshi kwa muda wa kutosha hubadilika rangi.

Shaba yenyewe ilitoka kwa majirani. Kila aliyeleta bangili ya zamani au masalia ya waya alipewa chumvi. Andongwisye, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alileta pete ya baba yake. Elina alileta bangili ya mumewe aliyoichoka, akisema mume naye yuko njiani kufuata. Nesta alileta bangili iliyosokotwa kwa waya mwembamba, akaiweka kwenye fuawe, na chumvi hakuitaka.

Bangili hiyo aliisokota mumewe, Kefa, huko kwenye migodi ya shaba ya Rodesia, ambayo watu wa Tunduma waliiita shimoni, bila kuongeza neno. Kefa alikwenda kutafuta fedha ya kodi. Alituma bangili na salamu, kisha salamu zikakatika. Mwisho Raphaeli, karani aliyeandikisha watu wa kwenda mgodini, akasimama uani kwa mama mkwe wa Nesta na kutangaza kwamba Kefa ametoroka kazini, hajulikani aliko. Nesta hakuamini hata chembe. Kefa alikuwa mtu aliyewahi kurudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu kwa sababu alisahau kuwaaga mbuzi. Mtu wa namna hiyo hatoroki.

Lakini mtoro ni mtu aliye hai, na katika ukoo ule kumlilia aliye hai ni kumwua. Kwa hiyo matanga hayakuwekwa, nywele hazikunyolewa, na Nesta alikaa katikati, si mke wala mjane. Mama mkwe wake, Leah, kila jioni alipakua chakula cha Kefa kwenye sahani ya bati, akaifunika kwa ungo na kuiweka juu ya kichanja. Asubuhi kililiwa na kuku. Mchungaji naye alisema ibada ya maziko ina mlango mmoja tu, nao ni kampuni kukiri kwamba mtu amekufa. Nesta hakuwa akiomba mengi. Aliomba ruhusa ya kulia.

Sasa, mhunzi hayeyushi shaba asiyoijua. Kabla ya kuitia motoni huitambulisha, hutaja imetoka wapi na ni ya nani, kwa sauti ya kawaida, jinsi mgeni anavyotambulishwa kwa wenyeji. Isipotajwa, hupasuka ikipoa. Lusubilo aliposhika ile bangili kwa koleo alimwuliza Nesta kama ni yake au ya mumewe.

"Sema ni ya Kefa," Nesta alijibu. "Mimi niliivaa tu."

Fundi akaitaja hivyo, akaziba chungu, mivukuto ikaanza.

Sahani ilitoka vizuri. Lusubilo aliifua ikawa bapa, akaizungushia ukingo, akachonga alama za vipimo kwa tindo kama alivyochorewa, na mstari mmoja wa kukata katikati ambao Bwana Duara aliuita mstari wa ardhi. Kilicho juu yake kinaonekana, kilicho chini yake hakionekani. Ukabaki ule utando wenye ncha, ambao fundi aliuita wavu.

"Kila ncha ni nyota," Bwana Duara alimwambia. "Kila nyota uiandike jina la mwenyewe."

Alikusudia kusema kila nyota ina jina lake yenyewe. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, na kitabu hakikuwa na mtu wa kukisahihisha. Lusubilo aliuliza atayapata wapi hayo majina, akajibiwa kwamba anayajua, kila mtu anayajua. Kisha mapafu yakamlaza Bwana Duara kitandani, na fundi akaachwa na tindo yake.

Alifikiri kwa makini, kwa maana kazi ilikuwa nzuri na hakutaka kuiharibu. Angani alikijua Kilimia, kwa ajili ya kupanda mahindi, na ile nyota ya alfajiri, na hapo ujuzi wake ukaishia. Lakini mwenyewe wa nyota ni jambo lililo wazi. Kila mtu huzaliwa na nyota yake. Huyu nyota yake inang'aa, yule imefifia, na nyingine zinatajwa kwenye kila ugomvi wa mke na mume. Na wenyewe alikuwa nao, aliwatambulisha kwa moto mmoja mmoja. Akaandika Andongwisye kwenye ncha ya kwanza, akaendelea, akampa Kefa ncha ndefu iliyokuwa pembeni kabisa.

Bwana Duara alipopata nafuu aliining'iniza sahani kwenye kidole gumba, akapima jua la mchana, likawa sahihi. Alifurahi sana. Kisha akasoma majina, polepole, kutoka ncha ya kwanza hadi ya mwisho. Akauliza Aldabarani, ile nyota nyekundu, yuko wapi.

"Huyo hakuleta shaba," Lusubilo alisema.

Wakati wanaulizana hivyo, Andongwisye alipita barabarani na kapu lake la samaki, na ncha yenye jina lake ikajisogeza ili iendelee kumwelekea. Alipokata kona ya ghala, ncha nayo ikakata kona. Bwana Duara aliweka jicho kwenye tundu akamwona Andongwisye nyuma ya ghala akijikuna mgongo kwa ufito. Alimngoja arudi, akamwuliza, na Andongwisye akakubali kwamba alijikuna. Bwana Duara akasema kwamba kifaa kina kosa, lakini ni kosa lisiloyumba, na kosa lisiloyumba mpimaji anaweza kufanya nalo kazi.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya kufurahisha. Watu walipita kibandani kuangalia jamaa zao wako wapi, kama wanavyopita kuuliza bei ya chumvi. Elina aliangalia ncha ya mumewe, aliyesema amekwenda Iyula kumjulia hali mjomba, akamkuta nyuma ya kilabu cha pombe palepale Tunduma. Ugomvi wa nyumba ile si wa hadithi hii. Bwana Duara alijifunza upesi zaidi ya wote. Aligundua kwamba mtu akilala ncha yake hutulia, akiwa na hasira hutetemeka, na akivuka mpaka huvuka naye bila kibali. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetafuta kisima akapata mto, ingawa mara nyingine alitazama juu na kuonekana kama anawaomba radhi wale wa angani.

Ncha ya Kefa peke yake haikusogea. Ilielekea kusini-magharibi, na ilikuwa chini ya mstari wa ardhi. Lusubilo alidhani aliikunja vibaya, akainyoosha, ikarudi. Akainyoosha tena kwa nyundo ndogo, ikarudi taratibu mbele ya macho yake. Hapo akaiacha na kumwita Nesta.

Nesta alitazama ncha kwa muda. Alimwuliza Bwana Duara nyota iliyo chini ya mstari imepotea au imezimika. Bwana Duara alisema wala, nusu ya anga iko chini ya miguu yetu wakati wote, hata sasa tunavyosimama.

"Na ipo ambayo hukaa chini isipande kabisa?"

Angeweza kudanganya, lakini kwenye vipimo hakuzoea. "Ipo. Kuna nyota ya kaskazini. Huku kwenu haipandi kamwe."

"Lakini huko iliko, ipo."

"Ipo."

"Basi na Kefa yupo," Nesta alisema. "Ninachotaka ni kujua yuko wapi."

Mpimaji hajui kitu kiko wapi kwa kukitazama kutoka mahali pamoja. Walipima pale Tunduma, kisha wakafunga safari hadi Isansa, Nesta, fundi na Bwana Duara na sahani ndani ya blanketi, wakapima tena kutoka kwenye kilima juu ya mashamba. Bwana Duara alitandaza ramani kwenye nyasi, akachora mstari mmoja kutoka Tunduma na wa pili kutoka Isansa. Mistari ilikutana ndani ya mgodi ambao Kefa aliandikishwa. Kisha akafanya hesabu ya kwenda chini, akairudia, akavua kofia. Ilikuwa zaidi ya futi elfu moja.

Nesta aliweka jicho kwenye tundu. Kulikuwa na giza tu, lenye unyevu. Alitaka kulia na hakuweza, kwa sababu kilio cha mke ni tangazo, na yeye hakuwa na ruhusa ya kutangaza. Aliuma ncha ya kitenge chake njia nzima ya kurudi. Lusubilo alitembea mbele ili asimwone.

Habari zilitangulia kufika. Wanawake wengine ambao waume zao walitangazwa watoro walianza kuja, kutoka Momba na kutoka ng'ambo ya mpaka pia, maana ndugu ni walewale. Fides, aliyekuwa na watoto wakubwa tayari, alileta kitufe cha koti. Wengine walileta waya, bakuli, kijiko kilichotumwa kutoka shimoni. Lusubilo aliyeyusha, akatambulisha, akaongeza ncha. Kila ncha aliyoifunga ilijizungusha yenyewe ikashuka chini ya mstari na kulala kando ya ile ya Kefa, hadi zikawa zimekaa pamoja kama vidole vya mkono mmoja. Watoro wote walikuwa wametorokea mahali pamoja.

Raphaeli alipokuja tena kuandikisha watu, walimpelekea sahani mezani kwake. Alikuwa mtu wa hapahapa, mstaarabu, mwenye shati jeupe, na hakupenda kuleta habari mbaya, ila ndiyo kazi aliyoipata. Aliomba kwanza ajaribu kwa Andongwisye. Akamwona. Kisha akalenga chini. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikimtembea kama anayehesabu, na alipoinua uso wanawake waliona kwamba ameona.

"Ndiyo, mukwai," alimwambia Fides, kwa heshima ya ng'ambo. "Wako pale. Mwamba umekaa juu yao."

Alisema atamfikishia bwana mkubwa wa mgodi neno hilo kama lilivyo. Na alilifikisha, hilo lazima lisemwe. Nesta alifagia uwanja mzima kwa ajili ya matanga akingoja jibu. Aliomba wembe kwa jirani na kuuweka juu ya mlango.

Jibu lilikuja na lori la mgodi lililofuata. Kampuni ilishukuru. Ilikuwa imechunguza na haikupinga kipimo cha Bwana Duara, ambacho ilikiita kizuri. Kwa kuwa watu hao wamo ndani ya mgodi, ilikubali kwamba haikuwa haki kuwaita watoro kama wale waliokimbilia nje. Lakini mtu aliyemo mgodini akawa hafanyi kazi, wala hajapanda juu kuonyesha tikiti yake ya kazi, hawezi kuhesabiwa kuwa yupo kazini, na hakuna daktari aliyemwona ili aseme amekufa. Kuanzia sasa wangeitwa watoro wa ndani. Kampuni iliuliza pia kama sahani inauzwa, kwa kuwa ingefaa sana kuwatafuta wale wa nje. Na kwa wema wake, nafasi zilizoachwa wazi na watoro wa ndani wangepewa kwanza ndugu zao, kwa kuwa koo hizo zimeshaizoea kazi.

Raphaeli alisema hayo yote amesimama. Bwana Duara alijibu kwamba sahani haiuzwi, ina kosa. Mchungaji aliulizwa akasema mtoro wa ndani naye ni mtoro, na mlango ni uleule. Nesta akahisi hasira imemjaa mpaka masikioni, akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji.

Damiano, mdogo wake Kefa, ndiye aliyechukua nafasi. Kodi ilikuwa mlangoni na nyumba ile haikuwa na mwanamume mwingine. Alimwambia Nesta, "Shemeji, nitakaa mbali na upande ule aliko kaka." Nesta alimwambia upande hauchaguliwi. Wote wawili walijua hivyo, wakaendelea kufunga mzigo. Kabla ya kuondoka, Damiano alipita kibandani kwa Lusubilo akavua bangili yake ya mkononi. Hakuna aliyemwambia. Vijana wengine waliokuwa wanasubiri lori walimwona, nao wakaanza kujipekua mifukoni, na fundi akawapanga mstari.

Jioni ya siku ile kabla ya lori kuondoka, jua likiwa bado juu ya ghala, Leah alikwenda kibandani peke yake. Tangu sahani ilipofuliwa hakuwahi kuisogelea. Alikuwa amesema hatatafuta mwanawe kwenye chombo cha kupakulia. Alimwomba Lusubilo amshikie, akaweka jicho kwenye tundu iliyoelekea kwa Kefa. Wengine wote waliona giza na mwamba. Yeye alingoja mpaka jicho likazoea, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kutoka juani.

"Amelala ubavu wa kushoto," alisema. "Tangu mdogo alilala hivyohivyo. Mkono ameuweka chini ya shavu."

Alirudi nyumbani akapakua chakula kama kawaida kwenye sahani ya bati. Hakuiweka kichanjani. Aliiweka chini, kwenye udongo, katikati ya uwanja ambao Nesta alikuwa ameufagia, akaketi kando yake. Kisha akamwita.

"Mwanangu, lete ule wembe. Kaa hapa."

"Mama, kampuni haijasema."

"Mimi ndiye niliyemzaa," Leah alisema. "Nimesema mimi."

Akamnyoa, polepole. Nywele zilipoisha Nesta alifungua kinywa, na kilio cha muda wote ule kikatoka. Fides alikisikia nyumbani kwake akaanza naye, na wengine wakapokea, mji mzima hadi Nakonde. Hakuna aliyeuliza anayeliliwa ni nani. Mchungaji alifunga dirisha, kisha baada ya muda akatoka na kuja kukaa na wanaume.

Asubuhi walikuwa bado wanalia lori lilipopita. Waliokuwa juu yake walivua kofia zao mbele ya ule uwanja, Damiano naye akavua. Raphaeli alikaa mbele na dereva, hakugeuka. Huko mgodini Kefa aliendelea kuitwa mtoro wa ndani, na anaitwa hivyo mpaka leo.

Mchana Nesta alikwenda kibandani na kichwa chake kipya, akaketi kwenye kigoda cha Bwana Duara. Lusubilo alikuwa amefunga ncha zote mpya, na wavu ulikuwa umekuwa mzito kiasi kwamba kidole gumba kilichoka upesi. Nesta alitafuta ncha yenye jina la Damiano. Ilikuwa bado juu ya mstari wa ardhi, inang'aa, inasogea polepole kuelekea zilikolala za Kefa na wenzake.